Bei ya Kipeperushi Inaanzia Mezani Kwako

Mwenyekiti, mama zangu, kaka na dada zangu. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie vipeperushi: namna ya kujidizainia mwenyewe, halafu ukavichapa kiwandani kwa bei ambayo mtaji wako utaimudu. Mwenyekiti ameniambia wengi wenu hapa Morogoro mnachapisha Dar, Kariakoo, kisha mzigo unapandishwa basi. Basi naomba tusianze na rangi wala maua ya pembeni. Tuanze na hela.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye meza ya kupokelea kazi kiwandani. Pale ndipo faili la mteja linapofunguliwa, linakaguliwa na kurekebishwa, ndipo linaruhusiwa kwenda mashineni. Ukikaa pale unaona kitu ambacho mteja haoni. Mteja mdogo anaamini analipia wino na karatasi. Vimo, sikatai. Lakini kwa mtu anayechapa vipeperushi mia tano au elfu moja, fedha nyingi inakwenda kwingine: kuandaa mashine, fundi kuhangaika na faili bovu, karatasi kutupwa kwa sababu saizi ilichaguliwa ovyo, kazi kurudiwa kwa sababu namba ya simu imekosewa. Karibu yote hayo yameshaamuliwa kwako, kwenye simu au kompyuta ya kuazima, kabla hujapanda gari kwenda kiwandani.

Kwanza mzijue mashine zenyewe, maana bila hivyo mtapewa bei yoyote na mtaikubali. Ziko za aina mbili. Ya dijitali ni ya jamii moja na printa ya laza mliyoizoea steshenari, ila ni kubwa na ina kasi. Faili linaingia, karatasi inatoka. Kipeperushi cha kwanza na cha mia tano gharama yake ni ileile. Ya pili ni ofseti, zile Heidelberg za Kijerumani na wenzake, ambazo unazisikia zikiunguruma tangu mlangoni. Ofseti haichapi mpaka itengenezewe pleti, bati jembamba lenye sura ya kazi yako, na kila rangi ina pleti yake. Picha ya rangi zote hujengwa kwa wino wa aina nne: sayani, majenta, manjano na nyeusi. Kwa hiyo ni pleti nne kwa upande mmoja. Ukitaka na nyuma, nne nyingine. Fundi anazifunga, anaweka wino, anapitisha karatasi za kujaribia mpaka rangi zikae pamoja. Ikishatulia, inatema maelfu kwa saa.

Tuchukue mfano. Namba hizi nazitunga ili tupige hesabu. Bei halisi mtaulizia wenyewe siku hiyo. Tuseme dijitali ni shilingi 300 kwa kipeperushi kimoja. Ofseti, kuandaa pleti na mashine ni shilingi 150,000, halafu kila kipeperushi shilingi 50. Mwenye kutaka 200 atalipa 60,000 kwenye dijitali na 160,000 kwenye ofseti. Mwenye kutaka 2,000 atalipa 600,000 kwenye dijitali na 250,000 kwenye ofseti. Bei zinakutana kwenye vipeperushi 600. Kila kiwanda kina namba yake ya kukutania, na swali la kwanza kumuuliza mwenye kiwanda ni hilohilo: kuanzia vipeperushi vingapi ofseti inakuwa nafuu kwangu? Akijua kazi yake atakujibu hapohapo. Akianza kuzunguka, tafuta mwingine. Kariakoo haina uhaba wa wachapaji.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu nyinyi ni kikundi, na kikundi kina nguvu ambayo mtu mmoja hana. Karatasi inayotumika sana kwenye mashine ndogo inaitwa SRA3, milimita 320 kwa 450. Ndani yake vinaenea vipeperushi vinne vya A5, pamoja na ziada ya kukatia. Mtu akija peke yake, kiwanda kitaipanga dizaini yake mara nne kwenye pleti. Lakini mkija wanne, kila mmoja na dizaini yake ya A5, karatasi ya aina moja, idadi ileile, mnaweza kukaa wote kwenye pleti hizohizo. Turudi kwenye mfano. Kila mmoja anataka 1,000. Peke yako ni 150,000 na 50,000, jumla 200,000. Mkichanga pleti, zile 150,000 zinagawanywa kwa nne, kila mmoja 37,500; ongeza 50,000 ya kuchapa, ni 87,500. Kazi ileile na mashine ileile. Tofauti ni kwamba mmekubaliana mapema.

Naona mama pale ameshatoa kalamu. Andika na masharti yake, mama. Lazima wote muwe tayari siku moja. Mmoja akichelewa na picha zake, wanne wote wamechelewa. Mtu mmoja awe msemaji wa kikundi kwa kiwanda, vinginevyo fundi atapigiwa simu nne za "ongeza nyekundu kidogo". Na mjue kwamba kwenye ofseti, dizaini zilizo kwenye mstari mmoja wa kupitia mashineni zinagawana wino. Aliyejaza nyekundu nzito ukurasa mzima anaweza kumvuta jirani yake, na keki ya mwenzake ikatoka na wekundu ambao haukuwapo. Kwa hiyo kaeni pamoja mzitazame dizaini zote nne kabla ya kuzipeleka, na mwenye rangi nzito mumwambie fundi ampange vizuri.

Hapo hapo tuzungumze saizi, maana hela nyingine inapotelea hapo. Vipimo vya A vilianza Ujerumani mwaka 1922 na leo ni vya kimataifa. Uzuri wake ni kwamba ukikunja A4 katikati unapata A5, ukikunja A5 unapata A6, na umbo halibadiliki. A4 ni milimita 210 kwa 297, A5 ni 148 kwa 210, A6 ni 105 kwa 148. Kuna na kile chembamba kirefu, DL, theluthi ya A4, milimita 99 kwa 210. Kwenye karatasi ile ya SRA3 unapata A5 nne, DL sita, au A6 nane.

Vijana wengi siku hizi wanataka mraba, kwa sababu ya Instagram. Haya, pigeni hesabu. Mraba wa sentimita 17 eneo lake ni dogo kuliko A5. Lakini kwenye milimita 320 hauingii mara mbili. Unapata vipeperushi viwili tu kwa karatasi nzima, na kinachobaki kinakwenda kwenye pipa. Umepunguza kipeperushi, umeongeza bei. Kama moyo wako uko kwenye mraba, sawa, ila ulipie ukijua.

Mimi ningewashauri wengi wenu mchukue DL au A6. Kipeperushi kinapokelewa stendi ya Msamvu na mtu mwenye begi begani na mtoto mkononi. Kikubwa kinakunjwa na kufungiwa karanga. Kidogo kinaingia kwenye pochi.

Tukija kwenye dizaini yenyewe, mwalimu wenu mnaye kabatini. Ichukueni kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo linazunguka na kuushika mji. Mji una picha moja kubwa au mpangilio mmoja unaorudiwa. Na jina ni moja. Hamjawahi kuona kanga yenye majina saba. Mtu anaiona begani kwa jirani, upande wa pili wa barabara, anasoma, anaelewa, anacheka au ananuna. Hata mwenye kutengeneza hajitangazi juu ya jina: zile kanga za Mombasa zenye "Mali ya Abdulla", alama ile iko ndogo, pembeni, na bado wanunuzi wameifahamu kwa vizazi.

Kipeperushi cha mjasiriamali mara nyingi kinakuja kiwandani na majina saba. Tunashona, tunapamba kumbi, tunakodisha viti, tunauza sabuni za maji, tunafundisha batiki, tunapika, karibuni wote. Najua ndiyo maisha, mtu anafanya shughuli tatu ili aishi. Lakini anayepokea karatasi anataka kujua jambo moja: hii inanisaidia nini mimi? Chagueni shughuli moja kwa kipeperushi kimoja. Fundi cherehani aandike: "Sare za shule. Unapimwa leo, unachukua Ijumaa." Mama wa chakula aandike: "Chakula cha mchana mpaka mezani kwako ofisini, sahani kuanzia shilingi 4,000." Zile sentensi za "huduma bora, za uhakika na kwa bei nafuu" ziacheni. Hakuna aliyewahi kutangaza huduma mbovu.

Bei iwekwe? Wapo watakaowaambia msiweke, ili mteja apige simu. Mimi nasema wekeni, angalau ya kuanzia. Watu wengi wanaona haya kuuliza bei wasije wakaonekana hawana, na mtu mwenye haya hapigi simu, anapita. Tatizo ni kwamba bei zinapanda na wewe umebaki na vipeperushi 1,500 vya bei ya zamani. Kuna ujanja wa kiwandani kwa hilo. Chapa kwa wingi kwa ofseti, rangi zote, picha na jina la biashara, ila uache kisanduku cheupe kitupu. Halafu kila mwezi chukua mia mbili, upitishe kwenye mashine ya rangi moja, uchapie bei au tarehe kwa wino mweusi ndani ya kile kisanduku. Hata mashine ile ya shuleni inayochapa mitihani ya majaribio inaweza, mradi karatasi yako isiwe ya kung'aa. Kwenye ya kung'aa wino wake unapaka vidole.

Nikiwa hapo kwenye rangi moja niseme: msiidharau. Karatasi ya rangi, ya manjano au ya waridi, gramu 80 (ndio uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi), maandishi meusi makubwa, hakuna picha. Kwa tangazo la mnada wa mitumba wa Jumapili hiyo hakuna sababu ya kulipia wino wa aina nne. Picha za rangi tuziachie keki, nguo, saluni na chakula, vitu ambavyo jicho ndilo linalonunua.

Nafasi tupu nayo ni suala. Mteja akiona pembeni kuko peupe anasema, "Mimi nimelipia karatasi nzima, jaza." Usijaze. Ule weupe ndio unaofanya jina lionekane. Fonti zisizidi mbili. Herufi kubwa tupu kutoka juu mpaka chini zinachosha. Ziwe kwenye kichwa tu. Maandishi madogo kabisa yasishuke chini ya pointi tisa, na kama wateja wako ni wa umri wangu weka kumi au kumi na moja. Mkitaka kujua kama yanasomeka msitazame kwenye skrini, kwa sababu kwenye skrini mnayakuza kwa vidole. Nendeni steshenari mkaprinti nakala moja ya rangi nyeusi, kwa saizi ileile halisi, mkampe mama mkwe bila miwani.

Picha pigeni wenyewe. Simu ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli, yaani vidoti vya rangi, 4,000 kwa 3,000, na hiyo inatosha hata ukurasa mzima wa A4, kwa sababu uchapaji mzuri unataka pikseli 300 kwa kila inchi moja. Picha ya skrini uliyoichukua Instagram, yenye upana wa pikseli 1,080, kwa kipimo hicho inafika sentimita tisa tu. Ukiivuta zaidi inaanza kuwa na ukungu. Pigeni asubuhi, karibu na mlango au dirisha, bila flashi, na lenzi ifutwe kwanza, maana simu zetu zinakaa jikoni na mafuta yapo. Sahani isogezwe karibu. Nyuma pasiwe na ndoo na sufuria.

Msichukue picha za watu mtandaoni. Kazi ya mtu ina hakimiliki na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ipo, lakini hata tukiacha sheria pembeni, mteja akiletewa keki isiyofanana na ile ya kwenye karatasi utapata maneno. Na picha ya bibi harusi uliyempamba ni nzuri sana kwa tangazo, ila mwombe ruhusa kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unaouhifadhi. Tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sura ya mtu siyo mali ya aliyeshika kamera.

Programu ya kudizainia: wengi mtatumia Canva, ile ya Australia iliyoanza mwaka 2013, kwa sababu inakaa kwenye simu na ya bure inatosha. Jambo la kwanza kabla hujagusa chochote ni kuweka vipimo kwa milimita, kile kipimo cha mwisho unachotaka. Usichague bango la mtandaoni lililo tayari ukasema utalipunguza baadaye. Umbo lake halilingani na DL, na utaishia kukata kichwa cha mtu. Mwenye kompyuta na subira anaweza kujifunza Scribus, ni ya bure kabisa na inaandaa rangi nne za kiwandani kama inavyotakiwa. Canva ya bure haitoi rangi nne. Inatoa rangi za skrini, na kiwanda ndicho kitakachozigeuza.

Hapo ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa, tukae kidogo. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na bluu. Karatasi haina mwanga wake, inatengeneza rangi kwa wino. Kuna rangi ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi: ule ukijani wa kuwaka kama jaketi la trafiki, ile bluu kali, ile chungwa ya kung'aa. Kwenye simu zinapendeza, kwenye karatasi zinafifia, na mteja anasema kiwanda kimemwibia wino. Chagueni rangi zilizotulia kidogo tangu mwanzo. Na punguzeni mwanga wa simu mnapochagua.

Maandishi madogo yawe meusi matupu, wino mmoja. Ukiyaweka kahawia au zambarau, mashine inayajenga kwa wino zaidi ya mmoja, na zikipishana kidogo tu, hata robo ya milimita, herufi zinaota kivuli. Maandishi meupe juu ya rangi nzito yanawezekana, lakini yawe manene na makubwa, membamba yanamezwa.

Kukata pia. Vipeperushi havikatwi kimoja kimoja. Vinapangwa rundo nene chini ya gilotini na kisu kinashuka mara moja, na rundo huwa linasogea kidogo. Kwa hiyo rangi au picha inayofika ukingoni iendelee milimita tatu nje ya mstari wa kukatia, kila upande. Bila hivyo utaona mstari mweupe mwembamba pembeni, na hakuna fundi wa kuuondoa. Na ndani, maandishi na namba ya simu vikae milimita tano mbali na ukingo. Canva ina sehemu ya kuonyesha hiyo ziada, na wakati wa kupakua unachagua PDF ya kuchapia, unaweka tiki kwenye alama za kukatia na ziada. Upakue PDF, tafadhali. Picha ya skrini siyo faili.

Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha, WhatsApp inaibana ili isile bando, na kinachofika kiwandani ni nusu ya ulichotengeneza. Mdogo wako akikufungulia akaunti, barua pepe na nywila ziwe zako. Nimeona biashara zinaomba faili lao kwa binamu aliyehamia Mwanza na hapokei simu.

Sasa makosa ya maandishi. Simu zetu zinabadilisha Kiswahili kuwa Kiingereza bila kuuliza, na jicho la aliyeandika halioni alichokosea. Mpe mtu mwingine asome kwa sauti. Namba ya simu usiisome tu: ipige, kutoka simu nyingine, ukiitazama ile karatasi. Tarehe ifunguliwe kalenda, kwa sababu "Jumamosi tarehe 14" ikiwa kweli ni Ijumaa, nusu ya watu watakuja jana yake.

Saa ndiyo balaa kubwa. Programu nyingi zinakuwekea 8:00 AM, wewe ukiwa na maana ya saa 2 asubuhi. Mwingine anaandika "saa 8:00" akimaanisha asubuhi, wasomaji wanaelewa saa 8 mchana, na wanafika wamechelewa kwa saa sita nzima, viti vimeshakunjwa. Andikeni kama tunavyosema: saa 2 asubuhi, saa 10 jioni. Sehemu ya siku isikosekane.

Mahali pia. "Mkabala na mwembe mkubwa" ni sawa mpaka mwembe ukatwe. Tumieni shule, zahanati, kituo cha daladala. Mwenye Lipa Namba aiandike wazi pamoja na jina linalotokea mteja anapolipa, asije akaogopa na kughairi. Mwenye kutaka msimbo wa QR auweke usiopungua sentimita mbili kila upande, mweusi juu ya nyeupe, na weupe uachwe kuuzunguka. Ulibuniwa Japani mwaka 1994 kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, unavumilia mengi, lakini juu ya picha ya maua unashindwa. Uujaribu kwenye nakala iliyochapwa, kwa simu ya bei ya chini.

Karatasi sitaikalia sana. Gramu 130 au 150 ya kung'aa inatosha kwa kipeperushi cha kugawa. 300 ni ya kadi, usilipie unene ambao mtu ataukunja. Kama mtu atahitaji kuandika juu yake, jina la mtoto au kipimo cha kiuno, chagua isiyong'aa, kalamu ikubali.

Mkienda kuomba bei, ombeni kwa viwanda vitatu na kwa maneno yaleyale: saizi, idadi, upande mmoja au miwili, gramu za karatasi, kukata, kukunja kama kupo, na siku ya kuchukua. Mkiuliza kila mmoja kivyake hamtaweza kulinganisha. Ulizeni kama bei ina VAT, kwa sababu kodi hiyo ikitokea siku ya kuchukua mzigo inauma, na risiti ya EFD mdai. Epukeni Novemba na Desemba, viwanda vimejaa kalenda na shajara; na mwaka wa uchaguzi msogee mbali kabisa na miezi ya kampeni. Wakati kazi ni chache, mwenye kiwanda anapunguza bei bila kubembelezwa.

Kabla mashine haijawashwa mwombe prufu, nakala moja ya mwisho, iliyotoka kwenye faili lilelile. Ikague, isaini, piga picha ya ile saini. Kosa lililokuwapo kwenye prufu uliyosaini ni lako; ambalo halikuwapo ni la kiwanda. Na mzigo ukifika, msitazame vya juu tu. Chomoeni katikati ya bunda, na chini kabisa, mlinganishe rangi na prufu. Hesabuni bunda moja. Anayepokea Msamvu afanye hivyo palepale ofisi ya basi, kabla hajasaini kupokea, maana maboksi yanayopangwa chini ya magunia ya mchele huwa yanafika na pembe zilizokunjika.

Mwenyekiti, naona muda. Ila watu wamebeba kazi zao na nisingependa warudi nazo hivihivi. Dada wa keki, njoo mbele. Usinionyeshe picha, nifungulie faili lenyewe. Tuanze na vipimo: umeweka milimita ngapi?